Jinsi Marceline wa Hewa Bora Alivyokikomboa Kiti Chake

Epueni sufuria, enyi watu wa Kampemba, tegeni masikio, msikie habari za Marceline wa Hewa Bora, bingwa wa mikate ya mafuta, mwenye nyonga mbovu na moyo wa woga, jinsi alivyoishambulia ngome ya polisi akaitikisa hata misingi yake.

Chanzo cha vita kilikuwa kiti cha plastiki. Adjuda Katongo, askari polisi, simba wa barabara za Bel-Air, mteka ndizi, mshindi wa wanawake walioketi, alikinyakua akisema kinaziba njia. Naye Marceline, ambaye tangu uzazi wake wa mwisho hawezi kuchuchumaa, akakaanga mikate wima juma zima, machozi yakimtoka, akiusingizia moshi. Ndipo akashitaki.

Likaitwa Baraza la Nidhamu. Majemadari wakaingia kwa vishindo, nyota mabegani zikimeta kama sahani za harusi. Na kwa kuwa kwao haketi mtu kabla ya mkubwa, wote wakangoja wima hata Komiseri Clément, mlima wa nyama na medali, alipojishusha kitini, nacho kiti kikalia kwa uchungu. Marceline peke yake hakupewa pa kukaa.

Sasa sheria yao ni hii: kitu kilichotekwa kisipoonekana mbele ya baraza, shitaka limekufa.

"Kiti iko wapi?" akanguruma Komiseri.

"Mon commissaire, ilikuwaka kwa depo," akajibu karani Fils, jasho likimtiririka. "Leo haiko."

Vikosi vikatumwa. Wakapekua ghala, jiko na mahabusu, wakarudi wakihema na mateka yao: beseni lililotoboka na mbuzi asiye na mwenyewe.

Katongo akatabasamu. "Mama, bila kiti hakuna affaire. Rudia kwako, mafuta yako isiungue."

Marceline akainamisha macho kwa haya. Na hapo, chini ya Komiseri, akauona mguu wa kiti ulioyeyushwa na mbabula, jiko la makaa, ukashonwa kwa waya wa shaba. Ule mshono ulikuwa wake! Karani, alipokosa asubuhi ile kiti cha kumbeba mkubwa, alikuwa amekichukua ghalani bila kuuliza ni cha nani. Moyo wa Marceline ukapiga ngoma za vita. Kunena ni kumwaibisha mkubwa. Kunyamaza ni kurudi kusimama juu ya nyonga ile maisha yake yote.

"Papa Komiseri," akasema, kwa sauti ya kifaranga, "munisamehe. Munaikalia."

Komiseri akavimba shingo.

"Mama! Hii ni kiti ya Leta, ya serikali!"

"Leta njo ilishona muguu yake na waya, Papa? Basi Leta inashona mubaya sawa mimi."

Askari mmoja akacheka, akajidai anakohoa. Komiseri akachungulia katikati ya magoti yake, akauona waya, akainuka kama volkano. Lo! Mkubwa akiinuka, kikao kimefungwa. Ndiyo desturi, nayo kwa mabwana hao ni nzito kuliko haki. Visigino vikagongana, saluti zikapaa. Katongo, asiyehukumiwa hata kwa kukunjiwa uso, akapiga saluti kubwa kuliko zote, na Fils akatangaza kwamba nidhamu imedumishwa.

Lakini kiti kilikuwa kitupu. Marceline akapita kati ya buti, akakishika mgongo, na miguu ilipomkatalia, akaketi palepale.

"Beba kiti yako, utoke!" akafoka Komiseri.

"Ndiyo, Papa," akajibu kwa adabu. "Nipumuzike kwanza."

Na kwa kuwa mkubwa alikuwa wima, hakuna aliyethubutu kukaa. Basi na itangazwe toka Bel-Air hata mashamba ya Annexe, na vitukuu waimbe: siku ile, kambi nzima, pamoja na nyota zake na bunduki zake, ilisimama mbele ya mwuza mikate, naye ameketi.