Zacharie wa Lusangi na Vita vya Mistari Mitatu

Njooni karibu, enyi wachimba dhahabu wa Lusangi, nanyi mtwangao sombe, majani ya muhogo, huko Wamaza. Michi na ipumzike, pikipiki na zinyamaze, mpate habari za Zacharie mwana wa Lwamba, mpasua miamba, mwingia mashimo yanayoogopwa hata na panya, jinsi neno moja lilivyomtimua kama kifaranga.

Neno hilo lilikuwa positif, yaani «imeonekana». Alikwenda Kabambare kupimwa damu kwa ajili ya hépatite B, ugonjwa wa ini uliomlaza kaka yake. Alipopewa karatasi ya majibu hakumngojea muuguzi. Aliichungulia, akaliona neno, akakimbia. Alipofika nyumbani alitenga sahani yake na mkeka wake, akahamia jikoni, akamhutubia mkewe.

«Cadette, mama wa watoto wangu! Adui ameshateka damu yangu. Usiniguse. Nikianguka, beleshi yangu upatie mutoto wetu Alain.»

Cadette, ngome isiyobomoka, aliweka chini mwiko. «Na muuguzi alisema nini?»

«Sikumungojea.»

«Kumbe unajizika mwenyewe! Washa pikipiki, twende.»

Wakaivamia barabara ya Kabambare. Matope yaliwaangusha, wakainuka. Yakawaangusha tena, wakainuka wakitukanana kwa upendo. Wakamfikia Marie-Thérèse, muuguzi, mfumbua mafumbo, naye akaikunjua karatasi.

«Papa, ulisoma mistari ngapi?»

«Huu wa katikati tu.»

«Angalia. Wa kwanza, AgHBs, unatafuta virusi yenyewe: négatif, haiko. Wa katikati unasema virusi ilishapita kwako zamani. Huu wa mwisho, anti-HBs, ni askari wa mwili wako: positif, wako kazini. Ulipigana, ukashinda. Hauambukize mutu. Na hata ungekuwa nayo, haipitie kwenye sahani.»

Mpasua miamba akauinamia mstari wa mwisho. «Mama, nilipigana lini?»

«Pengine ukiwa mutoto. Haukujua.»

Hapo Zacharie akasimama mbele ya wagonjwa wote, akapaza sauti: «Enyi watu wa benchi! Mbele yenu iko mushindi wa vita ambayo hata hakuiona!»

«Mushindi, ikala,» Cadette akasema, akimvuta aketi, kisha akikunja mkono wa nguo. «Sasa mimi ndiye ninapimwa.»

Sindano ikaingia kwa Cadette. Aliyefumba macho ni Zacharie.

Jibu lilipotoka, mwana wa Lwamba hakukimbia. Na ikumbukwe na vizazi vyote, toka Kasongo hadi Kabambare, kwamba siku ile alilisoma lote, mstari kwa mstari, kwa sauti kuu, mpaka mhuri.