Uzinduzi kwa Filimbi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeula! Mambo ya kubadilisha balbu na kukaza soketi zilizolegea, basi. Mimi si fundi umeme tu tena. Mimi ni mtaalamu wa kuhamisha majengo! Jengo zima, kutoka gesi na mkaa hadi umeme mtupu: jikoni, bafuni, chumba cha kufulia, kila pembe. Nimeandika hivyo kwenye bango la karakana yangu kwa rangi nyekundu. Herufi za mwisho zilikosa nafasi, zimepanda ukutani. Linapendeza hata hivyo.

Mteja wa kwanza nimeshamwona. Mama mkwe! Ana nyumba ya wageni ya ghorofa, jikoni kwake gesi, maji ya kuoga yanachemshwa kwa gesi hiyohiyo. Na gesi yote inaletwa na nani? Shemeji Mitungi, kaka wa mke wangu, mwenye duka la gesi, pikapu, na tabia ya kunipigapiga begani kila tukikutana. Nitamng'oa mle ndani kama msumari.

Mke wangu kasikiliza yote huku anakunja nguo. Kasema sawa, lakini hii ndiyo ya mwisho. Baada ya mashine yangu ya kutotolea vifaranga iliyochemsha mayai, na king'ora kilicholia kila jirani akipiga chafya, kachoka. Hii ikienda kombo, naenda kuajiriwa dukani kwa kaka yake. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mimi, nibebe mitungi!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa mama mkwe na shati lililopigwa pasi. Nimekaa kiti cha mbali, mikono magotini, mkwe mwema kabisa. Nikamwaga sera: hakuna harufu, hakuna masizi, hakuna kungoja mtu wa mtungi. Kauliza swali moja tu. Vyote vikiwashwa pamoja, ule waya unaoingia kutoka nguzoni utaweza?

Nikatabasamu. Nikamwambia, Mama, nani duniani anawasha vyote pamoja?

Kisha kasema haya mwanangu, nakuamini. Ila Ijumaa jioni waamuzi wa mpira wanaingia, wana semina Jumamosi, vyumba vyote vimejaa, wakifurahi watarudi kila mwaka. Nisimwaibishe. Nimemwapia. Kazi yangu! Nimetoka pale nikirukaruka mpaka getini, na mlinzi kaniuliza kama nimekanyaga mwiba.

Alhamisi, 6 Machi
Mambo motomoto. Majiko ya umeme yamefungwa, oveni imefungwa, hita za maji juu na chini, mashine ya kufulia, na nyingine ya kukaushia. Nyaya nimezinyoosha vizuri, mpishi mwenyewe kazisifu, naye si mtu wa kusifu.

Imebaki ile safari ya shirika la umeme, kuomba waya mkubwa zaidi kutoka nguzoni. Kule kuna fomu, kuna foleni, kuna mtu wa kuja kukagua akiwa na sura ya msiba. Itafuata baadaye. Mzigo nimeupima kwa macho. Macho yangu mazima, sivai hata miwani.

Mitungi kapita. Kauliza kwa upole kama yale majiko ya gesi ya zamani tunayatupa. Nikamwambia abebe, bure, na mitungi yake na mipira yake yote! Kapakia kwenye pikapu, kashukuru, kanipigapiga begani. Maskini ya Mungu. Hajui kwamba amebeba maiti ya biashara yake.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya majaribio. Nimewasha jiko la kwanza. Limewaka! Nikalizima. La pili, limewaka! Nikalizima. Oveni hivyohivyo. Hita hivyohivyo, maji moto mpaka nikajiunguza kidole kwa furaha. Kimoja kimoja, vyote vimefaulu. Nimejipongeza mbele ya kioo cha bafuni.

Na palepale kwenye kioo, wazo. Uzinduzi! Kesho asubuhi swichi kuu itakuwa chini. Mpishi atakuwa ameshatega kila jiko. Waamuzi watakuwa wamesimama bafuni, mikono kwenye mabomba. Nitapuliza filimbi, nitanyanyua swichi, na nyumba nzima itaamka kwa mpigo mmoja. Mama mkwe atatokwa na machozi. Filimbi nimeazima kwa mwamuzi mnene wa chumba cha mwanzo.

Nimemwalika Mitungi pia. Aje ajionee.

Jumamosi, 8 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipuliza. Nilinyanyua. Ilikuwa raha ya pumzi chache tu: majiko mekundu, maji yanamwagika juu na chini, mashine zinanguruma, mama mkwe anapiga makofi kwa furaha. Halafu, ta! Kimya. Swichi imejikata. Nikainyanyua tena. Ta! Nikainyanyua na kuishikilia kwa nguvu zangu zote. Huko nje waya wa nguzoni ukafuka moshi, ukalia kama kikaango cha mafuta moto, ukakatika. Nyumba ikabaki haina hata taa ya choo.

Waamuzi wakatoka wamejaa povu. Yule mnene, mwenye taulo tu, kaninyang'anya filimbi yake, kaipuliza, kisha kanionyesha kadi nyekundu. Sijui alikuwa ameiweka wapi.

Mama mkwe hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kakaa kwenye kigoda cha jikoni, kasema polepole kwamba wale wageni walimwamini. Nimeona aibu, aibu ya kweli, masikio yaliniwaka.

Mara honi. Pikapu! Majiko ya gesi bado yako nyuma, hata kuyashusha Mitungi hakuwa ameyashusha. Kasema alikuwa na wasiwasi kidogo. Waamuzi wakala, wakaogea ndoo za maji moto, wakaanza hata kutaniana. Na mimi? Begani, pa, pa, pa.

Jumapili, 9 Machi
Kikao cha familia. Mama mkwe kasema umeme anautaka, maana jiko lisilo na masizi limemkaa moyoni, lakini afanye mtu atakayeanzia kwenye nguzo. Macho yote kwa Mitungi! Ataomba waya mkubwa yeye, foleni atapanga yeye. Keshaandika na bango jipya: Gesi na Umeme, Tunahamisha Majengo. Wazo langu! Na herufi zake zote zimetosha.

Mke wangu kanitazama. Nimeajiriwa.

Alhamisi, 20 Machi
Kazini. Nimebeba mitungi asubuhi nzima, bega linauma palepale anapopigapiga. Mchana Shemeji Bosi kanikabidhi kifaa cha kupimia mzigo wa umeme, kanituma kwa dobi anayetaka kuachana na pasi za mkaa. Kasisitiza mara mbili: nipime tu, nirudi, nisiahidi chochote.

Dobi ni mtu wa maono makubwa! Tumeelewana papo hapo. Pasi za umeme ukuta mzima, mashine za kufulia, za kukaushia, na feni ya kumpepea yeye mwenyewe. Kifaa nilikiacha dukani, kinavuta suruali chini. Macho ninayo.

Wasidhani sikujifunza. Nimelala nikiliwaza jambo hili, nimeamka nikiliwaza, na kosa nimeliona. Lilikuwa ile filimbi. Waamuzi waliposikia filimbi walishtuka, wakafungua mabomba kwa pupa. Kwa dobi tunazindua Jumamosi, vyote kwa mpigo mmoja, na safari hii nitapiga kengele.