Kuku wa Mwanza Aingia Mugoma

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mkataba tayari! Mimi, Projestus, ndiye mwenye haki ya kutumia jina la Kuku Taji hapa Mugoma. Milioni mbili, jina tu! Rangi ya ukuta, fulana na kuku wa barafu nalipia mbali, na vyote lazima vitoke kwao Mwanza. Kuuza kitu kingine marufuku, hata chai. Laki nane nimekopa kwa Frednand. Rehani ni ng'ombe ambaye mke wangu Deodata alipewa na marehemu baba yake. Nisipolipa Jumamosi, ng'ombe anaondoka. Siku tano zinatosha kabisa. Deodata hajui. Nitamwambia tukishatajirika.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kufungua niliichagua kwa akili. Leo misa inajaza barabara nzima! Nikakaanga kuku hamsini. Watu wakatoka kanisani na majivu usoni, wakanipita. Mama Eustakia wa jumuiya nikampa shikamoo, paja mkononi. Marahaba sikuipata. Akaniuliza nilibatizwa parokia gani. Jumatano ya Majivu! Kwaresima! Siku arobaini! Jirani yangu Wiston, asiye na mkataba wala fulana, ameuza dagaa na maharage mpaka sufuria ikakauka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga simu Mwanza kuomba niuze samaki. Wamekataa. Wamenikumbusha asilimia kumi yao ya mauzo. Nikawaambia sijauza kitu. Wakasema kuna kiwango cha chini, soma ukurasa wa tisa. Wiston kaniletea sahani ya maharage, bure. Nimekula kwa hasira. Yalikuwa matamu.

Jumamosi, 8 Machi

Frednand kaja na kamba. Deodata alikuwa anakamua. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba, sioni sababu ya kujidanganya humu. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na fedha zake za kikoba, za mabati ya nyumba, akamhesabia laki nane. Kisha akanifuata migombani.

"Huyu ndiye aliyenibakizia baba," alisema. "Ukimgusa tena, naondoka naye."

Nimelia. Sijawahi kuona aibu kama hii. Naapa, biashara za majina ya watu, basi!

Jumapili, 9 Machi

Mwanza wamepiga simu. Tawi la pili, nusu bei! Nimewaza misa nzima na kosa langu nimeliona. Kuku hana tatizo, tatizo ni Wakatoliki. Biharamulo kuna mtaa wa Waislamu, na wao hawana Kwaresima! Bwana Ndassa, mwenye fremu huko, anasema mwezi huu mzima hakuna mgahawa unaopika mchana. Yaani sina mshindani hata mmoja! Pikipiki yangu nimeshampelekea Frednand iwe rehani. Nafungua Jumatano, saa sita mchana kamili.