Tepu za Injinia Zimejaa Pomoni

Injinia hakuwa injinia. Jina alijipa mwenyewe, likamkaa kuliko suruali yoyote aliyowahi kununua. Siku ile alikuwa amempelekea mkewe chakula kwenye chuo cha ufundi, mke akisomea umeme, akamkuta katibu analia mbele ya kompyuta iliyogoma, na Mkuu wa chuo anazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Maksi zote zimo humo," Mkuu alisema. "Ikifa je?"

Masikio ya Injinia yakasimama. "Mkuu wangu, hamna nakala? Hata ya dawa?"

Hawakuwa nayo. Juma lililofuata wakawa na Injinia.

Kila Ijumaa alikuja na shati jeupe, akasukuma tepu ya kuhifadhia nakala kwenye mashine, taa ya kijani ikapepesa, mashine ikanguruma, kisha akaitoa, akaiandika tarehe kwa mwandiko wa madaha na kuifungia kabatini. Kunakili alikuwa hajui. Katika kitabu cha maelekezo alifika pale pa kuingiza tepu, usingizi ukamchukua. Lakini jamani, nani amewahi kuomba tepu isomwe? Watu wanataka kuona kabati limejaa, basi.

Diski ya kompyuta, ile yenye maksi zote, ikafa wiki ya kuchapa vyeti.

"Hatuna wasiwasi," Mkuu alitangaza, akimpiga Injinia bega. "Tepu zipo!"

Injinia akaitikia kwa kichwa, akaaga mapema. Nyumbani, mkewe alikuwa anapiga pasi ovaroli mpya. Hospitali ilikuwa imemwahidi kazi ya fundi umeme, mradi afike Jumatatu na cheti mkononi.

"Wenzangu wanalia," mke alisema. "Mimi nimewaambia, mume wangu ndiye mwenye nakala."

Injinia aliona aibu hata ya kumeza chai.

Asubuhi alibeba diski na zile tepu hadi kwa Daktari wa Diski, bwana mmoja anayetibu kompyuta nyuma ya pazia. Akamnong'oneza kila kitu, akamwachia funguo za pikipiki yake. "Kaka, nifufulie diski. Tepu nimezileta zionekane tu."

"Ondoa shaka," Daktari alijibu. "Niletee tu orodha ya wanafunzi na kozi, nilinganishe."

Ijumaa Daktari akasimama mbele ya chuo kizima. "Diski ndugu zangu imekufa, haina hata pumzi. Lakini tepu za Injinia! Zimejaa pomoni! Nimerudisha maksi zote!"

Vigelegele. Mkuu alifuta machozi. Daktari akamkonyeza Injinia. Katika umati ule mzima, ukimtoa Daktari, mtu mmoja tu alijua kwamba tepu zile ni tupu kama ndoo ya kiangazi, na huyo ndiye waliyembeba juujuu. Loo! Tapeli ametapeliwa, na bado anapigiwa makofi.

Vyeti vikatoka. Wote wamefaulu, hata wale ambao darasani walikuja kulala. Mkewe alisoma chake mara ya pili, kisha akasogea mbele.

"Mkuu, hapa nimefaulu ushonaji. Mimi sindano naijua ya kutolea mwiba tu."

"Binti, tepu haikosei," Mkuu alisema kwa upole. "Muulize mumeo."

Mke akamgeukia. Injinia alitazama ile ovaroli iliyonyooshwa aliyoivaa mkewe, ulimi ukamwasha, na kwa mara ya kwanza tangu ajiite Injinia akasema kweli.

"Tepu hazina kitu. Hazijawahi kuwa na kitu. Maksi hizi zimetungwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mnyenyekevu huyu!" Mkuu alipiga kelele. Waliofaulu wakiwa usingizini ndio waliocheka zaidi, huku wameshika vyeti vyao kwa mikono miwili. Injinia aliapa, akalia, wakazidi kumshangilia.

Mkewe peke yake hakucheka. Yeye alimwamini.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

Mke akakikunja cheti vizuri, akakitia mfukoni mwa shati jeupe la mumewe.

"Mimi narudi kwa mwalimu wangu, anipime upya," alisema. "Hiki ni chako. Jumatatu uanze kushona."