Nyota Iliyozimwa kwa Simu

Wadau, leo sina pa kuficha uso.

Madam wa fizikia hapa Machochwe, aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, anatafuta mtu wa kumsaidia klabu ya sayansi. Mimi form four ilinikataa, lakini nyota nazipenda kupita kiasi. Akaniambia, "Njoo jioni na kifaa chako, nione unachojua."

Kifaa chenyewe ni boksi la viatu. Nimelichana ufa mwembamba kwa wembe, ndani nimebandika kipande cha CD. Mwanga ukiingia unatawanyika rangi. Zinatoka zimefifia na kuingiliana, si kama za mitambo ya wataalamu. Ila kukadiria unaweza: bluu ikizidi, nyota ina moto mkali, nyekundu ikizidi, imepoa.

Tangu mchana sikutulia. Natoka kuangalia mawingu, narudi ndani, nafungua boksi, nafunga. Chai imepoa nimeishika. Mama akasema, "Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Giza lilipoingia, wanafunzi na wazazi walikuwa uwanjani. Nikalenga nyota ya kwanza. Boksi giza tupu. Ya pili, giza. Ndipo nikaona moja, chini kidogo, juu ya kilima, inang'aa kuliko zote. Nikailenga. Rangi zikajaa boksi zima. (Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.)

"Madam, bluu kali, halafu njano pana. Hii ni nyota changa, moto wake unalishinda jua. Haizimiki hii, wajukuu wetu wataikuta."

Madam akachungulia. "Bluu kweli ipo," akasema. Nikaanza kujiona nimeshaajiriwa.

Mzee Marwa, aliyemleta binti yake, akakohoa. "Mura," akaniita, yaani kijana kwa Kikurya, "ipi hiyo?"

"Shikamoo mzee. Ile pale juu ya kilima."

"Marahaba. Ile iko shambani kwangu."

Nikamweleza taratibu kwamba nyota ziko mbali mno, ila macho hutudanganya. (Taratibu, jamani. Nilimwonea huruma.)

Mzee akatoa simu, akampigia mkewe nyumbani. "Mama Bhoke, hebu zima ile taa."

Nyota ikazimika.

"Washa." Ikawaka.

Kumbe tembo wametoka hifadhini wakamlia mahindi, na jana akatundika taa ya sola kwenye mti mrefu kuwafukuza.

Mzazi mmoja akauliza, "Na ule moto unaoshinda jua?"

"Hauchemshi hata uji," Mzee Marwa akajibu.

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Mimi nikaingiza uso kwenye boksi, nikajifanya napima kitu.

Madam alipomaliza kufuta machozi akasema, "Rangi umezisoma sawa. Hizi taa nyeupe zina bluu hiyohiyo. Kesho uje, tuanze kazi."

Kwa hiyo kazi nimepata, msicheke sana. Ila kuanzia sasa nikiona mwanga, kabla sijaupima nauliza kwanza kama una mwenyewe.