Kompyuta ya Macho Katito

Jumatatu, 7 Machi 1994
Kompyuta imefika Katito! Mgongo umekufa, lakini imefika. Nimekodi chumba kando ya posho mill. Kinu kikisaga, skrini inatetemeka. Si kitu. Satwant, mpima macho wa Kisumu, bado ana herufi za karatasi ukutani. Karatasi, enzi hizi! Nilimfagilia duka miaka mingi. Ninachojua kinatosha.

Jumanne, 8 Machi
Foleni hadi kwa muuza mandazi! Mzee Oduor hakuona hata herufi moja. Kompyuta ikasema macho yake mazuri. Ilikwama, nadhani. Nikampa miwani. Akanishukuru sana, akiuangalia ukuta.

Jumatano, 9 Machi
Milka, muuza omena, dagaa wa ziwani, kaleta bintiye mdogo, Awuor. Jicho la kushoto linang'aa weupe, kama la paka aliyemulikwa. Satwant alimwambia akimbilie hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Milka akaogopa kisu cha upasuaji. Akaniomba kompyuta iseme. Nikaweka picha ya samaki. Mtoto akacheka, akaita, "Rech!" Samaki kweli! Skrini: MACHO MAZURI. Milka akalia kwa furaha, akaniachia omena. Nilijisikia daktari kamili. Baadaye nikakumbuka: sikumfunika jicho la kulia. Mara ijayo.

Alhamisi, 26 Mei
Milka amerudi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Jicho la Awuor limetolewa. Madaktari wanasema amechelewa kumleta, ugonjwa umeshaingia kichwani.
"Bwana Gordon," akaniuliza, "mashine yako iliona nini?"
Nikamweleza habari za umeme na posho mill. Awuor alikuwa mgongoni mwake, bandeji usoni. Alinyoosha kidole kwenye skrini, akimtafuta samaki.

Ijumaa, 27 Mei
Watu wa soko wamevunja mlango wangu. Kompyuta bado nzima, Mungu mkubwa. Mke wangu Dorca hanisemeshi. Amekwenda kumsaidia Milka kumwangalia mtoto. Nasikia Satwant ndiye aliyewapeleka hospitali, kwa gari lake mwenyewe. Mtu wa kujipendekeza!

Jumapili, 29 Mei
Kanisani wamemwombea Awuor. Nikainamisha kichwa, nikafikiri sana. Kosa si langu. Kosa ni la macho. Macho yana mambo mengi, na ndani huoni. Masikio ni rahisi. Kompyuta inalia pii, mtu anaitika, basi! Kesho Ouma atanibeba kwa lori lake hadi Luanda Kotieno. Huko hawanijui.
Nitaanza na watoto.