Ng'ombe wa Selestina na Geti la Stany Heights

"Ndugu wananchi wa Genkuru na vitongoji vyake! Mnatangaziwa kwamba kuanzia leo Jumamosi, makazi yaliyokuwa yakijulikana kienyeji kama Kwa Bibi Wegesa yatatambulika rasmi kwa jina la Stany Heights. Wageni, wahubiri, wauza mboga na majirani wanaokuja kuomba chumvi wanaombwa kulitumia jina hilo kwa heshima na taadhima. Ahsanteni kwa usikivu wenu. Dawa ya panya! Dawa ya kunguni, mende, viroboto! Panya akila haagi mtu!"

Tangazo hilo la kihistoria lilipita mbele ya benchi letu likiwa kwenye kipaza sauti cha pikipiki ya muuza sumu, likaishia kwenye kona ya mashine ya kusaga. Hakuna aliyesimama. Breki alinunua pakiti moja ya dawa ya panya.

Benchi lenyewe liko mbele ya karakana ya Ouko, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye tunamwita Cheche. Mzee Matiko tunamwita Katiba, kwa sababu hajawahi kukubali jambo bila kuuliza limetoka kifungu gani. Filemoni wa bodaboda anaitwa Breki, kwa sababu hana. Chai ni ya Boke. Boke hana jina la utani. Kijana mmoja aliwahi kumpa, akanyweshwa chai isiyo na sukari mpaka akahamia Mugumu. Mimi naitwa Bodingi kwa kuwa nasoma shule ya bweni na sasa niko likizo. Bibi Wegesa ni mama wa mama yangu, na mwenye hiyo Stany Heights, Stanslaus, ni mjomba wangu. Kwa hiyo naandika haya bila upendeleo wowote.

"Heights ndiyo nini?" aliuliza Katiba.

Wote wakanigeukia, maana benchi linaamini Kiingereza chote nimekibeba mimi.

"Ni mwinuko, mzee. Mahali palipo juu."

"Juu ya nini?"

Nikanywa chai kidogo ili nitafakari.

"Lile bonde?" Breki alidakia. "Mvua za Aprili nilimvusha Bibi Wegesa pale, maji yakafika kwenye plagi. Vyura walikuwa wananipisha!"

"Mimi ni fundi tu, omera," alisema Cheche, akiinua miwani yake myeusi hadi kwenye paji la uso. "Mteja akisema chomelea Heights, nachomelea Heights. Akisema chomelea Nairobi, nachomelea Nairobi. Na hizo herufi nimezipiga rangi ya dhahabu leo alfajiri. Binamu yangu wa Migori akiziona atalia."

"Atalia kwa uzuri au kwa aibu?" aliuliza Boke.

"Hiyo ni juu yake."

Katiba aligonga fimbo chini, ishara kwamba kikao kimefunguliwa. "Sikilizeni. Boma la mtu halipewi jina kama mbwa. Boma linaitwa kwa mama mwenye nyumba. Binti akiolewa, ng'ombe wake wanaingia kwenye zizi la mama yake. Leo ng'ombe wa Selestina, binti wa Wegesa, wanatoka Mugumu. Wataingia wapi? Heights ndiyo iliyomzaa Selestina?"

"Zizi lenyewe lilishang'olewa," alisema Boke. "Pametandazwa matofali ya pevingi. Anasema hapo ni pa kuegesha magari."

"Ana magari mangapi?"

"Analo hilo moja. Linaegeshwa kwa kuhamahama ili lienee."

Hapa naomba kumtetea mjomba. Mjomba Stanslaus ni msimamizi wa stoo kwa mkandarasi mmoja anayepeleka vyakula mgodini, na cheo hicho kimempa mzigo mkubwa wa kudharau vitu. Amedharau ugali wa mtama. Amedharau mafiga, akayahamishia nyuma ya choo. Wakwe walipotaka kuja kujadili mahari alikataa wasione nyumba ya tope ya Bibi, maongezi yakafanyika hotelini Mugumu kwa soda na soseji. Ndiyo maana hao wakwe mpaka leo hawajawahi kuiona nyumba ya mchumba wao.

"Lakini lile la mlinzi mmelisikia?" Boke aliweka birika chini, na Boke hawezi kuweka birika chini kwa jambo dogo. "Juzi Bibi Wegesa anatoka kuchuma mboga, anakuta geti limefungwa. Anagonga. Mlinzi anachungulia kwenye kitundu anamuuliza, 'Una miadi?'"

Breki alishusha kikombe chake.

"Bibi Wegesa?" Katiba alisema polepole. "Aulizwe miadi? Amezaa watoto sita mle ndani!"

"Mlinzi akamwambia abonyeze kengele kwanza. Bibi akabonyeza. Mlinzi akatoka tena, akamwambia mwenye nyumba hayupo."

"Mwenye nyumba ndiye aliyebonyeza!" Breki alipiga paja.

"Sasa ndiyo hivyo. Leo nimempelekea maziwa, nimekuta amefunga mzigo. Blanketi, sufuria, kigoda juu. Ameniambia hivi: jina lake likifutwa kwenye hilo boma, yeye anahamia Nyakunguru kwa dada yake, na ng'ombe wa mwanawe watamfuata huko huko. Hakulia. Angelia ningejua anatania."

Hakuna aliyecheka. Bibi Wegesa akisema anaondoka huwa anaondoka. Mwaka ambao babu alikataa kumjengea jiko alienda kwa dada yake kusalimia, akarudi mtoto wake wa tatu akiwa ameshaota meno.

Wakati huo mjomba mwenyewe akatokea kwa miguu, amevaa suti nzito na tai nyekundu katika jua lile la saa sita. Gari aliliacha nyumbani ili lionekane limeegeshwa.

"Shikamoo Mzee Matiko."

"Marahaba. Habari za mwinukoni?"

Mjomba alijifanya hajasikia. "Cheche, ile rangi imekauka?"

"Itakauka jioni. Usiiguse, na mtu asiiegemee."

"Stanslaus," alisema Boke, "mama yako amefunga mzigo."

"Mama anapenda drama. Jamani, nieleweni. Leo bosi wangu anakuja kushuhudia sherehe. Nimwelekezeje? Akifika kwenye mashine akate kushoto, aulize kwa Bibi Wegesa? Ataona naishi kwa mama!"

"Unaishi kwa mama," alisema Boke.

"Nyumba nimejenga mimi!"

"Uwanja?"

"Uwanja ni wa... wa familia."

"Kifungu gani?" aliuliza Katiba.

"Mzee, watu wenye kiwango nyumba zao zina majina. Ukienda mjini, ukienda popote. Siwezi kuwa na vigae vya sebuleni halafu mtu aseme kwa bibi fulani, kama anatafuta gongo!"

"Mura," Katiba alimwita taratibu, kama anavyoita vijana akitaka wakae chini. "Hilo jina unalolionea aibu ndilo ulilokopeshewa sare ya shule. Mwenye duka hakumjua Stany. Alimjua Wegesa."

Mjomba akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, ng'ombe wakatokea.

Walikuja wakijaza barabara nzima, wameshushwa kwenye lori kule njia kuu, vijana wawili wakiwaswaga. Mbele yao alitembea mzee mrefu mwenye koti la mvua na fimbo, akasimama kwenye benchi akasalimia kila mtu kwa zamu. Mimi nilitikisa kichwa tu. Boke aliliona hilo, na akaonekana hakulipenda.

"Mimi ni Simioni, baba mdogo wa bwana harusi," alisema mzee. "Kaka yangu ndiye aliyekaa hotelini. Mimi ni wa ng'ombe. Tunatafuta kwa Bibi Wegesa."

Mjomba aliruka kama aliyebanwa na mlango. "Karibuni, karibuni sana wakwe zetu! Mmefika. Stany Heights ni lile geti la dhahabu pale."

Mzee Simioni alilitazama geti. Akamtazama mjomba. Akaitazama tai.

"Hatutafuti hiyo. Tunatafuta kwa Bibi Wegesa."

"Ndiyo hapo hapo, mzee. Ni jina tu limeboreshwa."

"Vijana, shikeni ng'ombe vizuri," alisema Mzee Simioni, naye akajisogeza mbele ya fahali. "Jana nilipigiwa simu na Ofisi ya Itifaki ya Ukoo. Nikaonywa kwamba karibu na benchi la fundi nitakutana na mtu amevaa tai kwenye jua. Ataniambia jina lingine la boma. Nisimwachie hata mkia."

Cheche, Breki na Katiba walihamisha macho kwa pamoja hadi kwenye tai nyekundu.

"Ofisi gani?" mjomba alifoka. "Ukoo wetu hauna ofisi!"

"Alijieleza vizuri sana. Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Akasema kama hakuna mtu wa nyumba hiyo atakayetamka kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba hapa ni kwa Bibi Wegesa, basi tunyooshe mpaka Nyakunguru kwa dada yake. Nyakunguru ni njia ipi?"

"Ile pale," alisema Breki. "Nawapeleka bure."

Nyuma ya ng'ombe gari jeupe likapiga honi. Simu ya mjomba ikaita, naye akaipokea akiwa amesimama wima kama mbele ya bendera.

"Ndiyo bosi... Ndiyo, ni hapa... Ng'ombe? Ah, hao ni wa... Subiri kidogo bosi."

Fahali aligeuza kichwa upande wa Nyakunguru. Na pale getini tukamwona Bibi Wegesa ametoka, mzigo kichwani, kigoda mkononi. Hakuangalia huku. Alisimama katikati ya njia kama abiria asubiriye gari ambalo ana uhakika litakuja.

Mjomba alimwona. Uso wake ukafanya jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa na uso wa msimamizi wa stoo. Ukawa wa mtoto.

"Ni hapa," alisema.

"Hapa wapi?" aliuliza Mzee Simioni.

"Hapa... kwa Bibi Wegesa."

"Sema kwa nguvu. Vijana wangu wako nyuma, na wao watakuwa mashahidi."

"HAPA NI KWA BIBI WEGESA!" mjomba alipaza sauti mpaka kuku wa Boke wakatawanyika. "Kwa mama yangu! Ingizeni ng'ombe!"

Kioo cha gari jeupe kikashuka. "Sawa, Stanslaus," bosi alisema. "Nitawafuata ng'ombe."

Tukaandamana wote, hata Boke na birika lake. Mlinzi alifungua mlango mdogo kwanza, akamkuta fahali, akafungua mkubwa bila kuuliza miadi. Ng'ombe walijipanga juu ya pevingi wakazipa mbolea papo hapo. Ndama mmoja alijikuna shingo kwenye herufi za geti, akaondoka na nusu ya dhahabu.

"Niliwaambia haijakauka," alisema Cheche.

Bibi Wegesa aliweka kigoda mahali palipokuwa zizi, akakaa, akafungua mzigo. Alitoa sufuria kwanza. Mjomba alivua koti la suti, akachuchumaa kando yake akaanza kung'oa pevingi moja kwa mikono ili pachimbiwe nguzo. Bibi alimsogezea jembe kwa mguu.

Kila mtu alikuwa na furaha, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kuwa na adabu. Nilimwendea Mzee Simioni, nikainama, nikasema:

"Shikamoo mzee. Karibuni nyumbani kwetu kwa heshima na taadhima."

Mzee Simioni hakuitikia. Aliinamisha sikio.

"Rudia."

"Shikamoo."

"Hapana. Hayo ya mwisho."

Sikuhitaji kurudia. Muuza sumu alikuwa anarudi kutoka kwenye mashine, na kipaza sauti chake kikanirudia: "...wanaombwa kulitumia jina hilo kwa heshima na taadhima. Ahsanteni kwa usikivu wenu. Dawa ya panya!"

Macho yote yakaniangukia. Mjomba aliinuka na jembe.

"Tangazo nilikupa wewe urekodi, kwa sababu ya Kiswahili chako cha shule," alisema taratibu. "Nikakununulia na chipsi kuku Tarime mjini."

"Na ndiyo sauti ya Ofisi ya Itifaki," alisema Mzee Simioni. "Nilimwita mheshimiwa huyu! Nilimwamkia!"

"Nilijua!" alisema Boke. "Nikajiuliza huyu mtoto leo mbona anasalimia wazee kwa kichwa."

Kwa hiyo, mbele ya ukoo, wakwe, bosi na ng'ombe, mimi Hezekia wa kidato cha tatu nilikiri kama ifuatavyo. Kwamba tangazo nilirekodi mimi, na chipsi nilikula. Kwamba Ofisi ya Itifaki ya Ukoo ilikuwa mimi, nikiwa nimejifunika blanketi ili mwangwi upungue. Kwamba nilimpokea mzee wa watu shikamoo yake na nikaitikia marahaba, kosa ambalo sina utetezi nalo. Na kwamba nilitenda yote peke yangu, bila kutumwa wala kusaidiwa na mtu yeyote.

"Kwa simu ipi?" aliuliza Katiba. "Shule yenu hairuhusu simu."

Nilitazama chini. Pevingi zilikuwa na mambo mengi ya kutazama.

Bibi Wegesa alikuwa anapuliza moto kwenye mafiga matatu aliyoyarudisha mwenyewe mbele ya nyumba. Hakugeuka.

"Mchapeni kidogo," alisema. "Ila anirudishie simu yangu kwanza."